Hoteli moja, meseji tatu za benki: ni ipi deni, ni ipi itarudi?

SWALI: Mimi ni mwalimu, natoka Bungoma. Tulikuja Nakuru kwa harusi tukalala hotelini Ijumaa na Jumamosi, chumba 6,000 kwa usiku. Tulipofika, mashine ya kadi ilileta kosa, dada wa mapokezi akaingiza kadi tena ikakubali. Nikapata meseji mbili za benki, kila moja 12,000. Jumapili wakati wa kutoka wakakata tena 14,160. Jumla 38,160. Hoteli wanasema ile ya kwanza hawaioni kabisa. Benki kwa simu wananiambia nisubiri. Nimebaki na 3,100 ya kutumia, kuna mkopo unaokatwa tarehe 5, na kesho tunapitia Kisumu kumwona mgonjwa. Nimeibiwa? Niifunge kadi?

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa usumbufu huu, hasa ukiwa safarini na familia.

Kadi usiifunge. Kadi hufungwa unapoona malipo usiyoyajua, ya mahali ambapo hukufika. Haya yako unayajua yote: hoteli ni ile ile na siku ni zile zile. Ukimwambia mhudumu wa benki kwamba umeibiwa, atafuata utaratibu wa wizi. Kadi itafungwa hapo hapo, utangoja nyingine kwa siku kadhaa, na zile pesa zitakaa pale pale zilipo, kwa sababu kufunga kadi hakuachilii pesa zilizokwisha kuzuiliwa. Sema hivi: "Nimetozwa zaidi ya mara moja kwa malazi yale yale." Maneno hayo yanapeleka malalamiko yako kwenye meza inayofaa tangu mwanzo.

Kwa maelezo uliyotoa, yaelekea 14,160 ndiyo deni lako halali, na 24,000 zilizobaki bado zimo ndani ya akaunti yako mwenyewe, ila huwezi kuzigusa. Usiishie kwenye dhana hiyo, maana unaweza kuithibitisha leo usiku kwa simu yako.

Malipo ya kadi hupita hatua mbili. Hatua ya kwanza ni idhini. Mashine inauliza benki yako kama pesa zipo, benki inajibu ndiyo, inatoa nambari ya idhini yenye tarakimu au herufi sita, na papo hapo inazuia kiasi hicho. Hatua ya pili ni kukusanya. Hoteli inapofunga hesabu za mashine, mara nyingi usiku, orodha ya malipo yaliyokamilika inakwenda kwa benki ya hoteli, nayo inadai kwa benki yako. Hapo ndipo pesa zinapotoka kweli. Meseji unayopata kwenye simu huja hatua ya kwanza. Kwa hiyo meseji tatu maana yake benki yako ilisema ndiyo mara tatu. Kama hoteli imepokea pesa mara tatu, hilo ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye salio.

Fungua programu ya benki yako, au ingia tawini uombe, utazame salio mbili: salio la akaunti na salio unaloweza kutumia. Tofauti kati yake ndizo pesa zilizozuiliwa. Wewe una 3,100 ya kutumia. Kama salio la akaunti linasoma 41,260, hakuna hata moja iliyokusanywa bado, hata ile ya Jumapili. Likisoma 27,100, hoteli imechukua 14,160 yake na zile 24,000 zimezuiliwa tu. Likisoma 15,100, moja ya zile 12,000 imekusanywa kimakosa. Na kama salio zote mbili ni 3,100, zimekwenda zote. Andika tarehe na saa uliyotazama, upige picha ya skrini, kisha utazame tena kila siku ya kazi, kwa sababu malipo ya kadi huchukua kama siku moja hadi tatu za kazi kukusanywa. Kilichozuiliwa Jumatatu kinaweza kuwa kimekusanywa Jumatano, na hapo njia ya kukidai inabadilika kabisa.

Sasa tuyachukue malipo yenyewe moja moja, kwa sababu kila moja lina chanzo chake.

Hii 14,160 haikutoka hewani. Usiku mbili kwa 6,000 ni 12,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo ni 1,920, na ushuru wa Mfuko wa Utalii wa asilimia 2, ambao ni 240, upate 14,160 kamili. Bila shaka bei uliyotajiwa kwenye simu haikuwa na kodi ndani. Kama uliambiwa waziwazi kwamba 6,000 ni bei ya mwisho, una haki ya kulalamika kuhusu hizo 2,160, lakini hilo ni lalamiko la bei. Usilichanganye na lalamiko la kutozwa mara mbili. Wahasibu wa hoteli wakiona mambo mawili kwenye barua moja, hujibu lile jepesi na kuliacha lile zito.

Ile 12,000 ya pili, iliyokubaliwa na mashine, yaelekea ilikuwa dhamana. Hoteli nyingi huzuia kiasi fulani mgeni anapoingia ili asiondoke bila kulipa. Hakuna ubaya hapo. Kosa lilitokea Jumapili. Aliyekuwa zamu alipaswa kuichukua idhini ile ile ya Ijumaa, aongeze tofauti ya 2,160, na kuikamilisha. Badala yake alianzisha malipo mapya ya 14,160 na kuiacha ya Ijumaa ikining'inia. Hutokea sana pale anayempokea mgeni si yule anayemtoa, na pengine hata mashine si ile ile. Habari njema ni kwamba hii ndiyo rahisi kuondoa: hoteli ina nambari yake ya idhini, na inaweza kuifuta kwenye mashine yake kwa dakika chache.

Ile ya kwanza ndiyo ngumu, na nataka uielewe vizuri ili usigombane na dada wa mapokezi bure. Mashine ilipeleka ombi, benki yako ikasema ndiyo na kuzuia 12,000, lakini jibu likapotea njiani mtandao ulipokatika. Mashine ikangoja, haikuona jibu, ikaandika kosa. Kwa hiyo dada huyo anaposema haioni, anasema kweli: kwenye mashine yake muamala huo haukufaulu, haukuingia kwenye hesabu za siku, na hautakusanywa. Mashine ilipaswa kutuma ujumbe wa kubatilisha kwa benki yako, kuiambia isahau ombi lile. Kama mtandao ulikuwa bado mbovu, ujumbe huo nao haukufika. Benki yako imebaki na pesa zilizozuiliwa kwa ajili ya dai ambalo halitakuja kamwe.

Ndiyo sababu mmoja anakwambia hana na mwingine anakwambia subiri. Hoteli haioni muamala, na benki inaona idhini halali iliyotolewa kwa kadi halisi, kwa hiyo haithubutu kuiachilia bila uthibitisho kwamba hoteli haitaidai. Kazi yako ni kuwaunganisha hawa wawili, na kinachowaunganisha ni nambari ya idhini.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda gari la Kisumu, rudi hotelini. Usiende saa moja asubuhi wakati wa kubadilishana zamu. Nenda baada ya saa tatu, umwombe mhasibu au meneja wa zamu. Mtu wa mapokezi anaweza kuwa mwema kabisa lakini mara nyingi hana ruhusa ya kufuta malipo kwenye mashine, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji nywila ya msimamizi.

Beba vipande vya risiti vya mashine ulivyopewa. Kama viko mfukoni vimekunjana, vinyooshe uvipige picha sasa hivi, kwa sababu karatasi ile hufifia kwa joto na jasho, na ikikaa wiki kadhaa kwenye pochi huenda isisomeke. Kwenye kila kipande tafuta mambo haya: tarehe na saa, tarakimu nne za mwisho za kadi yako, nambari ya mashine, nambari ya rejea ya muamala, kiasi, na nambari ya idhini. Kipande cha kosa hakitakuwa na nambari ya idhini. Kitunze hivyo hivyo, kwani ukosefu wake ndio ushahidi kwamba hoteli haikupata jibu. Angalia pia kama kipande cha Ijumaa kimeandikwa kuwa ni mauzo au ni idhini ya awali. Kikiwa cha mauzo, mambo yanabadilika: hiyo haikuwa dhamana, ulilipa kabisa siku ya kuingia, na 12,000 hizo zitakusanywa pamoja na 14,160. Hapo hoteli inadaiwa kurudisha pesa, na kufuta idhini hakutatosha.

Mhasibu mwombe mambo manne. Kwanza, afute idhini ya Ijumaa iliyokubaliwa, na akupe kipande kinachoonyesha imefutwa. Pili, achapishe ripoti ya mashine ya Ijumaa, ile orodha ya miamala yote iliyokusanywa siku hiyo, mtazame pamoja kama 12,000 yako imo, na mara ngapi. Tatu, akupe risiti ya kodi ya malazi yenu ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato. Hoteli ikiuza huduma mara moja hutoa risiti ya KRA mara moja. Risiti moja ya 14,160 mkononi, huku benki ikionyesha malipo matatu, haihitaji maelezo marefu. Nne, akuandikie barua.

Barua hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango benki, kwa hiyo iandikwe kwa makini, kwenye karatasi ya hoteli, na mhuri na sahihi. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Tunathibitisha kwamba mgeni aliyetumia kadi inayoishia na tarakimu (nne za mwisho) alilala kwetu usiku mbili na anadaiwa Sh. 14,160 pekee, ambazo zimelipwa. Idhini mbili za Sh. 12,000 kila moja, za tarehe (taja), nambari za idhini (taja zote mbili), hazitakusanywa na hoteli. Tunaomba benki iziachilie."

Usikubali barua isiyo na nambari za idhini. Benki itapokea karatasi, itatabasamu, na haitafanya lolote, kwa sababu haiwezi kujua ni idhini ipi inazungumziwa. Na kadi yako itajwe kwa tarakimu nne za mwisho tu. Hakuna mhasibu, meneja wala mtu wa benki anayehitaji nambari nzima, PIN, au zile tarakimu tatu za nyuma ili kukurudishia pesa.

Utauliza: nambari ya idhini ya ile ya kwanza nitaitoa wapi, na hoteli haina? Benki yako inayo. Piga simu kabla ya kwenda hotelini, usiulize habari ya "kurudishiwa pesa", maana utaambiwa usubiri. Uliza hivi: "Naomba nambari za idhini za miamala mitatu ya kadi yangu iliyofanyika hoteli fulani, Ijumaa na Jumapili." Hilo ni swali la taarifa, na mhudumu anaweza kulijibu akiwa na skrini mbele yake. Akishindwa, omba uunganishwe na idara ya kadi. Ziandike zote tatu. Ukishampa mhasibu ile ya kwanza, anaweza kuipigia simu benki iliyowapa mashine, akataja nambari ya mashine na nambari ya idhini, na wao wakathibitisha kwamba muamala huo hauko kwenye hesabu zao.

Ukifika Kisumu usingoje hadi urudi Bungoma. Tawi lolote la benki yako linafaa, na benki nyingi kubwa zina tawi mjini, hasa kandokando ya barabara ya Oginga Odinga. Wapelekee barua, picha za vipande, risiti ya eTIMS na kitambulisho. Waombe wafungue lalamiko na wakupe nambari ya kumbukumbu, kisha utume nakala ya kila kitu kwa barua pepe ya huduma ya wateja ukitaja nambari hiyo. Mazungumzo ya kaunta hayaachi alama. Siku utakapohitaji kuthibitisha kwamba ulilalamika tarehe fulani, barua pepe ndiyo itakayosema. Jihadhari na mitandao: ukiandika malalamiko hadharani kwenye ukurasa wa benki, usishangae ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa benki akitaka "kuthibitisha kadi". Benki yako haitakuomba PIN wala nambari ya siri iliyotumwa kwa meseji.

Na kama hoteli na benki wote watakaa kimya? Pesa zilizozuiliwa zina mwisho wake. Kanuni za Visa na Mastercard zinaruhusu idhini ya hoteli ikae hadi siku 30 hivi, lakini benki nyingi huachilia mapema zaidi kwa kadi za debiti, baada ya wiki moja au mbili. Uliza benki yako muda wake ni upi na uandike tarehe kwenye kalenda. Ikifika tarehe hiyo na salio mbili bado hazilingani, una jambo la kueleza kwa maandishi, na wao wana jambo la kujibu.

Tuseme sasa kwamba ulipotazama salio ukaona 15,100 au 3,100 kote kote. Pesa zimekusanywa. Hapa barua ya kuachilia haisaidii tena. Hoteli irudishe kiasi hicho kwa kadi ile ile kupitia mashine yake, na ikupe kipande cha kurejesha. Kama hesabu za siku hazijafungwa, wanaweza kufuta muamala na usikusanywe kabisa, ndiyo maana kulalamika siku ile ile kuna thamani kubwa. Hesabu zikishafungwa, kilichobaki ni kurejesha, na pesa huchukua siku tano hadi kumi za kazi kuonekana kwako, pengine zaidi kidogo.

Hoteli ikikataa, au ikiahidi kila siku bila kutenda, jaza fomu ya kupinga muamala benki kwako. Benki yako inaidai benki ya hoteli, na hoteli inatakiwa kuleta ushahidi kwamba huduma zilikuwa mbili tofauti. Isipoweza, pesa zinarudi kwako. Utaratibu huu una saa yake. Kwa malipo yaliyorudiwa, Visa hutoa siku 120 na Mastercard siku 90. Hesabu siku 90 kwa kadi yoyote, na hata hapo usikaribie mwisho, kwani benki yako nayo inahitaji siku za kuandaa. Mara nyingi watu hupoteza haki hii kwa kuheshimu ahadi: meneja anasema wiki ijayo, kisha mwisho wa mwezi, kisha meneja mpya anaingia. Mimi ningempa wiki mbili, kwa maandishi, kisha ningejaza fomu. Kesi yenyewe inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili mitatu.

Kwenye fomu hiyo chagua sababu ya muamala kurudiwa. Ukichagua "sikufanya muamala huu", hoteli italeta kitabu cha wageni chenye sahihi yako na utashindwa, ingawa pesa ni zako.

Kuna ngazi za juu zaidi, na ni vizuri uzijue ingawa nadhani hutazihitaji. Benki ikikupuuza baada ya lalamiko la maandishi, Benki Kuu ya Kenya hupokea malalamiko dhidi ya mabenki. Haisimamii hoteli. Kwa hoteli kuna Mamlaka ya Ushindani inayoshughulikia haki za watumiaji wa bidhaa na huduma, na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii inayotoa leseni za hoteli. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Mara nyingi, kuitaja tu kwenye barua kwa adabu humwamsha mhasibu.

Turudi kwenye mfuko wako, maana tarehe 5 haingoji. Makato ya mkopo hutazama salio unaloweza kutumia, na lako ni 3,100. Kama awamu ni kubwa kuliko hapo, weka tofauti kwenye akaunti kwa M-Pesa kupitia paybill ya benki siku moja kabla. Ukikosa pesa hizo, andikia afisa wa mkopo leo, ueleze kwamba 24,000 zako zimezuiliwa kwa kosa, uombe usitozwe faini ya kuchelewa, na ukishapewa nambari ya kumbukumbu ya lalamiko umtumie. Kuomba kabla kunasikilizwa kuliko kuomba baada ya faini kuingia kwenye mfumo.

Mkihitaji kulala Kisumu, usitoe tena kadi hiyo kwa dhamana. Uliza kwanza: bei hii ina VAT na ushuru ndani? Mnazuia kiasi gani kwenye kadi? Ninaweza kulipa yote kwa tili na nisitoe kadi? Hoteli nyingi za kwetu zinafurahia M-Pesa, na hapo hakuna pesa zinazozuiliwa. Ni kukata mara moja na kumaliza. Hata hivyo M-Pesa nayo hurudiwa. Ombi la malipo likija kwenye simu, ukaweka PIN, skrini ikaganda, usikubali kutumiwa ombi la pili kabla ya kutazama salio lako la M-Pesa au meseji yenye ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Ukishalipa mara mbili kwa tili, mwambie mhasibu hapo hapo, kisha tuma meseji ya muamala wa pili kwa 456 kuomba kurejeshewa. Kwa malipo ya tili au paybill, hoteli yenyewe huwa na kauli katika kurejesha huko, kwa hiyo usiondoke kabla hawajakubali mbele yako.

Mashine ya kadi ikileta kosa, sheria ni hiyo hiyo. Kabla kadi haijaingizwa mara ya pili, toa simu, ngoja kama dakika mbili, uone kama meseji ya benki imekuja. Ikiwa imekuja, kataa kurudia. Mwombe aliye kaunta apige simu benki yao, au achapishe muamala wa mwisho kwenye mashine. Kama lazima urudie, basi rudia kwa njia nyingine, kwa pesa taslimu au M-Pesa, na uandikiwe kwenye risiti kwamba kadi ilishindwa. Ukifanya hivyo na baadaye kadi ikakatwa, utakuwa na dai safi: nililipa kwa njia nyingine, na risiti hii hapa.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu hoteli zilizowekwa kupitia tovuti za kimataifa. Hapo urudufu huwa wa aina mbili. Kuna tovuti inayochukua pesa yenyewe na kuilipa hoteli kwa kadi yake ya mtandaoni, kisha mtu wa mapokezi, asiyejua, anamtoza mgeni tena. Mwonyeshe uthibitisho ulioandikwa kuwa umelipa, umwombe atazame maelekezo ya malipo kwenye mfumo wao kabla hujatoa kadi. Na kuna tovuti inayosema utalipa ukifika, lakini hoteli inajaribu kadi mapema kwa kiasi kidogo au kwa usiku mmoja kuona kama iko hai. Huko ni kuzuia tu, na kunafuata njia niliyoeleza juu. Kwa wanaovuka Busia kulala Jinja au Kampala, tarajieni kiasi kilichozuiliwa na kilichokusanywa visilingane, kwa sababu kiwango cha kubadili pesa cha siku ya idhini si cha siku ya kukusanya. Tofauti ndogo ya namna hiyo si urudufu. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au za Uganda, chagua za Uganda, kwa kuwa kiwango cha mashine huwa na faida ya mtu ndani yake.

La mwisho, mwalimu, ni kuhusu pesa zitakaporudi. Hoteli ikikutumia 12,000 kwa M-Pesa kwa nia njema huku kiasi hicho kwenye kadi kimezuiliwa tu, utapata mara mbili benki itakapokiachilia, na watakudai, kwa haki. Vivyo hivyo ukiwa umejaza fomu ya kupinga benki na hoteli ikarejesha yenyewe, iarifu benki siku hiyo hiyo kwa nambari ya kumbukumbu, wafunge kesi. Usipofanya hivyo, benki ikigundua pesa zimeingia mara mbili itazikata bila kukuuliza, na huenda ikazikata tarehe 5.